Mwanamke Aliyetaka Useme Unakula Wapi

Mwanzoni sikumpenda, niseme ukweli. Nilimwona mama mwenye makelele, aliyejifanya askari wa mlango ambao hakuna aliyempa kuulinda. Wenzangu walimwita Mama Admini kwa heshima. Mimi nilimwita hivyo kwa kumcheka, halafu jina likanizoea na mimi, na hadi leo siwezi kumwita vingine. Kundi letu la WhatsApp lilikuwa la wamama wa mtaa mmoja hapa Goma, barabara chache tu za mawe ya volkano, watu tunaojuana kwa sura na kwa vilio vya watoto wetu. Humo tuliulizana makala nzuri, yaani mkaa, inapatikana kwa nani, nani ameleta viazi vya Kibumba visivyooza, daktari gani wa meno hana mkono mzito. Yeye ndiye aliyelifungua, na yeye ndiye aliyelichunga.

Kuandika hakuandika kamwe. Alituma sauti. Kwanza kikohozi, kisha "Hodi humu ndani," kisha kimya kidogo, eti anasubiri tumkaribishe, ndipo aanze. Dakika nne, dakika tano. Nyuma yake ulisikia kuku, redio, na mkwe wake akikaanga mikate. Nilizisikiliza nikimenya viazi, na mara nyingi viazi viliisha kabla yake. Siku moja nikamwuliza kwa nini haandiki kama watu wote, wakati kusoma anajua.

"Kuandika, mutu yeyote anaweza kukuandikia," akasema. "Lakini sauti yangu ukiisikia unajua ni miye. Tena unajua kama nimelala vizuri."

Sheria yake ilikuwa moja. Ukisifu kitu cha kuuzwa, sema unakula wapi. Kama muuzaji ni kaka yako, kama umepewa kidogo ili useme, kama hata soda tu umenyweshwa, unamalizia hivi: "Nakula hapo." Kama hupati chochote: "Hakuna kitu nakula hapo." Yote mawili yaliruhusiwa. Hakuna aliyefukuzwa kwa sababu ya kuuza. "Miye sikatazi biashara," alisema, "nakataza kujificha." Wamama wakaizoea ile sentensi mpaka ikawa mchezo. Mmoja alisifu mahubiri ya padri akamalizia kwamba hakuna kitu anakula hapo. Mwingine, siku ya ukumbusho wa ndoa yake, alimsifu mume wake mistari kumi na mbili, halafu: "Nakula hapo, tena kila siku." Tulicheka hadi jioni.

Yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kutii. Kila asubuhi baada ya misa alitangaza mikate ya mkwe wake. "Ni mitamu kabisa. Ni ya mukwe wangu, miye nakula bure kila siku, basi musiniamini. Mukuje muonje wenyewe." Na watu walikwenda! Ilinishangaza sana. Nilifikiri ukimwambia mtu asikuamini, hataamini. Kumbe walikwenda kwa sababu hiyo hiyo.

Kuna mama mmoja mwalimu aliyependa methali. Siku moja akaandika kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza, kwa hiyo haya matangazo yote tuyafute. Mama Admini akakohoa mara mbili, tukajua mwalimu amepatikana. "Chema kinajiuza? Nani alisema? Miye nimesimama Birere miaka na miaka na vitu vizuri vyenye hakuna mutu alikuwa anaviona. Chema kinataka mudomo. Kitu kibaya ni mudomo kujifanya sikio." Baadaye mwalimu alikuja kununua mikate.

Huko Birere, sokoni, Mama Admini alikuwa komisioneri. Kwa asiyejua, huyo ni mtu anayesimama njiani kati ya mteja na duka. Anakushika mkono, anakuimbia, anakupeleka kwa mwenye mali, na mwenye mali anampa chake. Ni kazi ya wanaume wenye mapafu, lakini yeye aliifanya kwenye vitenge na hakuna mwanaume aliyemshinda. Alivaa kofia ya kiume, ya kahawia, yenye ukingo mpana, jua au mvua, na hata alipoacha kazi hakuiacha kofia. Aliivua kwenye mlango wa kanisa tu.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Alidanganya umri wake bila haya. Ukimpigia simu kumwuliza amefika wapi, alikuambia "niko kwa ronpwe hapa," yaani kwenye mzunguko wa barabara, na unasikia kabisa maji ya kuoga. Umbea alisema hataki kuusikia, huku anavuta kiti karibu. Mtoto wa kaka yake alisifu krimu ya uso bila kusema anaiuza, Mama Admini akamtoa kwenye kundi siku hiyo hiyo, na maneno aliyomtolea yalikuwa makali kuliko kosa. Ukoo mzima ulinuna. Baada ya wiki alikwenda na kuku kuomba msamaha, lakini aliomba kwa ajili ya maneno, si kwa ajili ya kumtoa. Kuku akaliwa, binti akabaki nje ya kundi.

Siku ile ya krimu nilimwambia waziwazi mbele ya wote: "Mama Admini, si ni krimu tu! Mbona unaua inzi kwa shoka?" Alijibu kwa sauti fupi kuliko zote nilizowahi kusikia kwake.

"Siku mulima ilitapika moto, tuliuliza njia wapi? Humu. Mama mumoja akasema mupitie huku, tukapitia huku na watoto mugongoni. Hakuna aliyemuuliza anakula wapi. Sasa kama leo unanidanganya juu ya krimu, ile siku nitakuamini na nini?"

Moyoni nikasema anatia chumvi.

Mimi nasuka nywele, nyumbani kwangu. Wamama wanakaa chini mbele yangu masaa mengi, wanazungumza, na nikisema kitu kinatembea. Hilo aliliona bwana mmoja mwenye duka la babula, yaani majiko yetu ya makala. Yake yalikuwa ya bati, ndani yamepakwa udongo, na alisema yanakula nusu ya makala. Akaniambia: "Neno lako bamama banalisikia. Nisaidie kidogo humo ndani. Lakini usiseme ni miye, juu ukisema wataona ni biashara." Akanipa babula moja ndani ya katoni yake, na mega za intaneti za kutosha wiki kadhaa. Nikajiuliza nani ataumia. Sikuona mtu.

Nikaandika kwamba nimepika maharagi tangu asubuhi, makala ni kiganja tu, babula ni ya ajabu. Na mwisho, haki ya Mungu, niliandika: "Hakuna kitu nakula hapo."

Ile babula sikuiwasha hata siku moja. Ilibaki kwenye katoni, na katoni ilikuwa na kimo kizuri, nikaifanya kiti cha wateja. Waliikalia wakisukwa, wakiniuliza habari za babula yangu ya ajabu.

Mama Bea, jirani yangu anayeuza sambaza kavu, wale samaki wadogo wa ziwani, aliinunua kwa neno langu. Hakuona tangazo lingine lolote. Wiki ya tatu udongo wa ndani ukapasuka chungu kikiwa juu, maharagi yakamwagika, na mguu wake wa kushoto ukaungua hadi kifundo. Alifungwa bandeji kwenye kituo cha afya. Jioni yake akaniandikia mbele ya kundi zima: "Dada, pole kukusumbua. Yako unaiweka namna gani hata haipasuki? Labda ni miye nimekosea."

Nilikuwa na mteja katikati ya msuko. Mkono wangu ulisimama kichwani mwake nikausahau pale. Laiti angenitukana! Na unajua nilifanya nini? Nikamjibu. Mungu anisamehe, nikamjibu: "Uiweke mahali palipo sawa." Katika mtaa huu wa mawe, ambako hata kikombe hakisimami vizuri chini! Akaandika asante, akasema atajaribu. Aibu niliyoipata sijaimaliza hadi leo.

Kesho yake mchana nikasikia kikohozi mlangoni.

"Hodi humu ndani."

"Karibu, Mama Admini."

Akaingia na kofia mkononi, akazungusha macho, yakatua kwenye katoni. Nikamsogezea kiti cha mbao. Akakipita. Akaenda akakaa juu ya katoni, uzito wake wote, akajitikisa kidogo kuume na kushoto.

"Hiki njo kiti kweli," akasema. "Hakijapasuka."

Nikaanza, "Mama, nilitaka kukueleza..."

"Ngoja. Nipe chai kwanza. Magoti yametembea."

Akanywa chai yake polepole, na sukari akaongeza mara mbili. Mimi nilisimama kama mwanafunzi. Nilijua ananitoa kwenye kundi, na nilijua mtaa mzima utajua kabla ya jua kuzama, na kwamba hakuna mama atakayenipa tena kichwa chake. Lakini hakuanza na mimi.

"Miye nilifanya hiyo kazi yako mbele uzaliwe," akasema. "Mwenye duka alikuwa ananiambia, simama na wanunuzi. Nashika kitenge, napigana na bei, natukana, nalipa kwa nguvu watu wasikie, natupa kitenge begani naenda. Bamama banasema, ule anajua vitu, tumufate. Jioni nakirudisha kwa mulango ya nyuma. Nilikuwa fundi! Siku moja mama mumoja wa parokia yetu akanifata, akanunua vitenge ya arusi ya binti yake, yeye na dada zake wote. Mvua ikawakuta mbele ya kanisa. Rangi ikashuka yote, ikawafika kwa viatu. Watu wakacheka. Siku ya misa, dimanshi iliyofata, ule mama akanikuta njiani. Unajua aliniambia nini?"

"Alikutukana."

"Aliniambia pole. Akauliza: na yako imeharibika? Aliona tumeibiwa sisi wawili."

Akakitazama kikombe.

"Njo pale nilinunua hii kofia. Nikasema, tangu leo mutu akiniona mbali ajue: ule ni komisioneri, anakula hapo. Halafu aamue mwenyewe."

Nikamwuliza kama alimweleza yule mama ukweli.

"Hapana." Sauti yake ilikuwa ndogo, sikuwahi kuisikia hivyo. "Nilimukimbia. Nilihama misa ya kwanza nikakuwa naenda ya pili, ili tusikutane. Miaka. Akakufa hajui. Kila mwaka siku ya wafu namuwashia mushumaa, na mushumaa hausemi kitu." Akainuka kwa shida, akaivaa kofia. "Lakini Mama Bea iko hai. Nyumba yake ni ile ya mulango wa bluu, dakika mbili kwa mguu. Weye usihame misa."

Akaenda. Hakusema neno la kunitoa.

Nilikwenda. Dakika mbili zile nilizitembea nusu saa. Mama Bea alikuwa amenyoosha mguu juu ya kigoda, akachangamka kuniona, akadhani nimekuja kumpa pole. Nikamwambia yote, mega, katoni, yote. Akautazama mguu wake. Halafu akauliza, "Hata moto hujawasha?"

"Hata."

"Nenda," akasema. "Leo nenda tu."

Kesho yake nikapika maharagi kwenye babula yangu ya zamani nikampelekea. Alipokea sufuria bila neno, akairudisha imeoshwa. Nikapeleka tena. Tuliishi hivyo hadi bandeji ilipotoka, na maneno yakarudi kidogo kidogo, kwanza ya chumvi, kisha ya hali ya hewa.

Kwenye kundi nilituma sauti ya kukiri yote, kwa sababu sikuthubutu kujificha tena nyuma ya maandishi. Ukiisikia leo utasikia nalia. Loo, nilipigwa maneno! Mama mwalimu aliniandikia kwamba njia ya mwongo ni fupi. Wengine walitaka nitolewe saa hiyo hiyo. Mama Admini akakohoa. "Simutoi. Amesema mwenyewe. Nikimutoa huyu, wengine watajifunza kunyamaza." Mmoja akauliza mbona mtoto wa kaka yake alitolewa. Akakohoa tena, mara tatu. Kisha: "Pale nilikosea. Na hapo nakula, ni mutoto wetu." Jioni alimrudisha binti huyo.

Mwenye duka naye, Mama Admini alimfuata huko huko dukani. Sijui alimwambia nini, ila juma lile yule bwana aliingia kwenye kundi kwa jina lake, akasema: "Duka ni yangu, nakula hapo." Wamama walimshukia na maswali kama mvua ya mawe. Mbona inapasuka? Udongo unatoa wapi? Alitoa jasho, lakini alijibu. Alimbadilishia Mama Bea babula, akabadilisha na udongo, na hadi leo picha za zile zinazopasuka anaziweka pamoja na zile nzima. Anauza kuliko zamani. Hilo lilimfurahisha Mama Admini kuliko kitu chochote, akawa anamtaja kama mtu anayetaja mjukuu aliyefaulu.

Mimi ndiye niliyebaki na deni la neno langu. Kila nilipoandika, hata kwamba mvua inakuja, mtu aliuliza: "Na hapo unakula?" Wakicheka. Nami nilicheka nao, halafu nikaweka simu chini na moyo ukiniuma. Nilirudi kusuka, wateja walirudi, lakini nikisema kitu waliangaliana. Mwaka ukapita hivyo, na mwingine ukaanza. Sikumlaumu mtu. Nilitaka tu siku moja niseme kitu na kiwe kimesemwa.

Mama Admini wakati huo alikuwa amechoka. Miguu ilimvimba. Kundi alimwachia mkwe wake, simu ikawa ya kusikiliza tu, na misa aliifuata redioni. Nilimpelekea chai mara kwa mara, tukazungumza habari za magoti. Kutoka nje ya lango kwake kulikuwa safari.

Kisha zikaja zile siku za ukame wa mabomba. Maji yalikatika mtaani siku nyingi mfululizo, wamama wakawa wanateremka hadi ziwani alfajiri na kurudi jua likiwaka, migongo imeinama. Asubuhi moja nilitoka kumsuka mteja, nikapita nyuma ya shule, nikasikia bomba la pale linakohoa hewa. Nikasimama. Likatema matope, likatema tena, halafu maji. Safi! Nikapiga kelele peke yangu kama mwendawazimu. Nikachukua simu, nikatuma sauti: "Bamama, maji iko! Bomba ya nyuma ya shule. Mukuje mbio, sijui itadumu."

Nikangoja. Nikaona wamesikia, mmoja, kumi, ishirini. Hakuna aliyejibu. Hata ule mzaha wao hawakuuleta. Sikuwa na chombo, nilikuwa na mkoba wa vitana tu. Maji yalimwagika juu ya mawe meusi, yakapotea kwenye nyufa, na mimi nimesimama hapo nayatazama. Nililia, ndiyo. Nikafikiri: basi, ndiyo siku yenyewe hii, na mimi sina neno la kuaminiwa.

Ndipo nikaona kofia kwenye kona ya ukuta.

Alikuja na fimbo, hatua moja, pumzi, hatua moja. Shingoni alifunga kamba, na kwenye kamba bidoni mbili za njano za kutekea maji zikigongana kifuani mwake. Nikamkimbilia nikamfungua. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni.

"Mama Admini! Na hiyo miguu! Si ungemtuma mtu aje kwanza kuhakikisha kama ni kweli?"

Alinitazama kana kwamba nimemtukana.

"Kuhakikisha nini? Mutu wa kuhakikisha anabeba bidoni mbili?"

Akanisukuma kwa bega, akaweka ya kwanza chini ya bomba. Nilipoinua macho, Mama Bea alikuwa anakunja kona mbio, ule mguu wake ukivuta kidogo, na yeye alikuwa amebeba tatu.